Jipu Halivumi

Machi 11, Jumatatu

Nimehamia kwa kaka yangu leo na masanduku mawili na hasira moja. Hasira ni ya paa langu. Mvua ya kwanza tu limeniumbua, maji yamelala kitandani kwangu kabla yangu, na fundi ameapa hapandi juu ya bati mpaka mvua zikome. Kwa hiyo msimu huu nitalala chumba cha uani, ukuta mmoja na bucha.

Bucha ni la kaka. Nimemtangulia kuzaliwa, lakini yeye ndiye mwenye mwili na sauti. Tangu utotoni tunamwita Kinoo, maana hakuona kitu bila kukinoa, hata vijiko vya mama. Mkewe, wifi yangu, anafundisha chekechea, na tukikaa mezani anatutazama utadhani atatukagua kucha. Ndiye aliyenipa daftari hili. "Andika, wifi," alisema. "Mvua ni ndefu, utachoka kutusema kwa mdomo." Sikujua ni utani au ni kombora. Nimelipokea hivyo hivyo.

Machi 12, Jumanne

Mvua. Nimefunga nyama kwenye karatasi, nimeosha sakafu kwa mpira wa maji, nimenuka mafuta ya ng'ombe mpaka nimejichoka.

Machi 16, Jumamosi

Leo Kinoo amejikata, na sijui kama nimeona jambo kubwa au dogo.

Alikuwa anatoa mfupa kwenye bega la ng'ombe. Katika kazi hiyo kisu kinavutwa kuja kwako, hakisukumwi, na mkono wa kushoto ndio unaoshika nyama. Mfupa ulikuwa unateleza kwa mafuta, kisu kikaja chote. Ncha ikamwingia mkono wa kushoto, upande wa ndani, juu kidogo ya kiwiko. Tundu lenyewe ni dogo, punje ya hindi ingeliziba. Lakini damu! Ilitoka kwa mapigo, inaruka, inatulia, inaruka tena, nyekundu ya kung'aa. Mimi nilipiga kelele. Yeye akachukua kitambaa safi, akakikunja, akajifunga kwa ile kamba ya kufungia nyama ya kuviringisha, kwa meno na mkono mmoja, fundo juu ya fundo.

"Twende hospitali," nikamwambia.

Akacheka. "Dada, mimi ndiye wa kufundishwa mishipa?"

Akanivuta mpaka kwenye bega lile lile, damu yake bado mbichi sakafuni, akanionyesha mshipa wa ng'ombe ulipokatwa. Akaubonyeza kwa ncha ya kisu. Ulikuwa mweupe, laini, haukutoa hata tone. "Unaona? Mrija tu huu. Ukiuziba unanyamaza. Nimekata ya namna hii tangu sijaota ndevu."

Nilitazama nikaridhika. Ni kweli, mtaa mzima unamwuliza habari za mwili. Mwenye goti huonyeshwa goti kwenye mzoga, mwenye figo huonyeshwa figo. Kwa nini mimi nijifanye najua kuliko yeye?

Jioni wifi akarudi, akaona kamba. "Hospitali wamesemaje?"

"Hawajasema kitu," nikamjibu, "kwa sababu hawajaulizwa."

Kinoo alicheka mpaka akashika meza. Wifi hakucheka. Akaichukua chai yake akaenda kuinywea chumbani, na mimi nikasema moyoni, haya, tumeanza.

Machi 18, Jumatatu

Amefungua kamba. Pamekauka. "Unaona?" akasema. Nimeona.

Machi 19, Jumanne

Mvua.

Machi 22, Ijumaa

Kidonda kimefunga vizuri, kovu halifiki urefu wa ukucha. Lakini chini yake pameota uvimbe, ukubwa wa yai la kanga. Hauumi sana, anasema. Unamkera tu akikunja mkono. Nikamwuliza ni nini. "Jipu," akasema, "uchafu wa kisu umebaki ndani." Akasema kwa uhakika ule ule anaosemea kwamba hii ni steki na ile ni nyama ya supu.

Machi 25, Jumatatu

Leo tumepata ushauri wa kitaalamu, na nikiandika hivyo najisikia kucheka na kuogopa kwa pamoja.

Kila asubuhi anakuja mkaguzi wa nyama, mzee mmoja mpole mwenye mhuri wa wino wa zambarau. Sisi tunamwita Bwana Mhuri. Anapapasa mizoga, ananusa, anagonga mhuri, anakunywa chai, anaondoka. Leo alipomaliza, Kinoo akakunja mkono wa shati akamwekea mkono wake pale pale juu ya gogo la kukatia nyama.

"Na hii kagua, mzee."

Bwana Mhuri akavaa miwani. Akapapasa kwa vidole viwili, akafunga macho kidogo. "Ingekuwa paja la ng'ombe," akasema, "ningesema kata kipande hiki utupe, kilichobaki kinauzika. Jipu hili. Halijaiva. Likande maji ya moto liive, kisha litumbue."

Tulicheka wote watatu. Kinoo akaniambia nichemshe maji. Ndivyo ilivyoamuliwa. Kazi ya kukanda nikaichukua mimi, maana wifi yuko shule, na tena mtoto wa mama yangu nisimkande mimi akandwe na nani?

Machi 26

Nimekanda asubuhi na jioni.

Machi 27

Nimekanda. Mvua ya mawe.

Machi 29

Nimekanda. Uvimbe umekua. Nadhani unaiva.

Aprili 1, Jumatatu

Nimegombana na wifi, na hata sasa sielewi tuligombania nini.

Nimeona kwa siku kadhaa, wakati Kinoo amejilaza kwenye kochi baada ya chakula, wifi anakaa sakafuni kando yake, anainua ule mkono, anauegemezea sikio. Anakaa hivyo kimya. Mwanzoni nilidhani ni mapenzi, nikageuza uso kwa adabu. Baadaye nikadhani ni maonyesho, ili mimi nijue mwenye mume ni nani. Jana nikaanza kuwaza mambo mengine ambayo sitayaandika. Leo nikashindwa kunyamaza.

"Wifi, huo mkono umekuwa redio?"

Hakukasirika. Laiti angekasirika. "Njoo usikilize," akasema.

"Nisikilize jipu?"

"Linavuma, wifi. Linavuma kila moyo wake ukipiga. Jipu halivumi."

"Na wewe umesomea majipu?"

"Sijasomea. Hata sijui ni nini. Ndiyo maana nataka anayejua amwone."

Kinoo akafumbua macho, akasema wanawake wawili kwenye mkono mmoja ni wengi mno, akaenda bucha. Wifi akanigeukia, akaniomba nisikande tena. Akaniomba, hakuniamuru, nami nikasikia amri. Nikamwambia damu ni nzito kuliko maji, mimi na Kinoo tumenyonya ziwa moja, na kama kumkanda ndugu yangu ni kosa basi afunge geti. Akasema, "Damu nzito, sawa," akaenda kuosha vyombo.

Sikumwelewa. Nimekanda jioni, kwa ubishi zaidi kuliko kwa imani.

Aprili 3, Jumatano

Kinoo ameangusha nyama mara mbili leo. Anasema kidole cha pete na cha mwisho vimekufa ganzi. Ni baridi ya mvua, anasema. Uvimbe sasa ni ngumi ya mtoto, ngozi imenyooka inang'aa.

Aprili 5

Mvua, mvua, mvua. Ukuta wa chumba changu umeota ukungu kama paa langu. Nimeikimbia mvua nikaifuata.

Aprili 7, Jumapili

Nilipokuwa nakanda leo niliondoa kitambaa nikaweka kiganja kitupu juu ya uvimbe.

Unavuma. Siyo kuvuma kwa sikio, ni kwa mkono. Kiganja kilikuwa kama kimewekwa juu ya shingo ya paka aliyeshiba. Unatetemeka, unasukuma, unatetemeka, unasukuma. Nikatoa mkono. Nikauweka tena. Kisha nikaweka kiganja ukutani, na ukuta nao ulikuwa unatetemeka kwa sababu jokofu la bucha liko upande wa pili, na kochi limeegemea ukuta. Kwa hiyo ni jokofu. Nyumba nzima inavuma, itakuwaje mkono usivume?

Nikamaliza kukanda. Sikumwambia wifi. Lakini nimeamka usingizini nikiwa nimeshika mkono wangu mwenyewe, nikitafuta kama nao unavuma.

Aprili 9, Jumanne

Wifi amesema leo mbele yetu wote kwamba Kinoo asipokwenda hospitali kufikia Ijumaa, ataleta gari la kumbeba. Kinoo akasema gari linalobeba mtu kutoka bucha ni la nyama. Akacheka peke yake. Mimi nilitaka kucheka, sikuweza.

Wifi alipokwenda kulala, Kinoo akaninong'oneza, "Kesho akiwa shule tulitumbue, dada. Yaishe. Bwana Mhuri anasema limeiva. Wewe utashika beseni tu."

Nikamwuliza, je, kama siyo jipu?

"Litakuwa nini?"

Sikuwa na jibu, na kwetu sisi mwenye jibu ndiye mshindi. Nikasema sawa.

Aprili 11, Alhamisi

Naandika hospitalini, kwenye benchi, daftari juu ya magoti, kwa hiyo mwandiko usinisute.

Jana asubuhi mvua ilinyesha ile ya kufuta barabara. Wifi alikwenda shule. Bwana Mhuri alikuja na koti la mvua, akagonga mihuri, akabaki. Kinoo akakinoa kile kisu chembamba cha mifupa, akakichemsha, akakaa kwenye stuli karibu na gogo, mkono wa kushoto juu ya kitambaa cheupe. Mimi nikashika beseni chini yake. Alikuwa anatutania. Alisema Bwana Mhuri asisahau kumgonga mhuri akimaliza.

Kisha akagusa ngozi kwa ncha. Nasema akagusa, hakukata.

Haukutoka usaha. Kwanza palitoka donge jeusi la damu, na kabla sijashangaa damu mbichi ikalifuata, ikapita juu ya beseni, juu ya bega langu, ikapiga vigae vya ukuta. Ikatulia. Ikapiga tena. Ilikuwa na sauti yake kwenye vigae, na nisipoisahau sauti hiyo sitamlaumu mtu. Kinoo alitazama mkono wake kwa uso wa mtu aliyeitwa jina lisilo lake. "Hapana," akasema. Siyo kwa uchungu. Kama anamkatalia mteja.

Nikatupa beseni. Nikachukua taulo nikaweka juu, damu ikapita. Nikaweka la pili juu ya la kwanza. Nikashika kwa viganja viwili, kwa upole, maana niliogopa kumwumiza, na jinsi nilivyoshika ndivyo damu ilivyotafuta upenyo pembeni, nyembamba zaidi na kali zaidi, ikaruka mbali kuliko mwanzo. Nilichanganyikiwa. Ninaziba, inazidi. Nikalegeza, ikamwagika. Nikashika tena, ikaruka. Bwana Mhuri alikuwa amesimama na mhuri mkononi, mdomo wazi.

Mlango ukafunguliwa. Shule ilikuwa imejaa maji, watoto wamerudishwa, na wifi akaingia ameloa mpaka nywele. Hakuuliza chochote. Akayang'oa mataulo yote. Nikapiga kelele, nikamwambia atamuua. Akachukua kidole gumba changu mimi, akakichomeka pale pale penye tundu, akaweka ngumi yake juu yake akasukuma kwa uzito wa mwili mzima.

"Mpaka mfupa, wifi! Bonyeza mpaka mfupa! Usimwonee huruma!"

Nikabonyeza. Kinoo akalia kwa mara ya kwanza. Na damu ikanyamaza.

"Usiinue kuchungulia," wifi akasema. "Hata akikuomba."

Aliniomba. Njia nzima aliniomba. Bwana Mhuri alitupakia kwenye gari lake, yeye mbele anaendesha huku anasema samahani kwa kila shimo, sisi nyuma watatu tumekuwa fundo moja. Kinoo alisema, legeza kidogo dada, mkono unakufa. Wifi alisema, usilegeze. Kaka yangu ananiomba, wifi ananikataza, na nilikuwa najua wa kumsikiliza, lakini sijui nilijuaje. Uso wa Kinoo ukawa rangi ya karatasi ya kufungia. Akaacha kuomba, na hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Hospitali wakamlaza kitandani wakamkimbiza, na mimi nikikimbia kando na gumba langu ndani ya mkono wake. Daktari wa upasuaji ni binti mdogo, ningeweza kumzaa. Akavaa glavu, akaweka vidole vyake karibu na changu. "Mama, achia sasa. Nimeshika mimi."

Sikuweza. Siyo kwamba nilikataa. Nilitaka kuachia, kidole hakikunisikia. Wifi alinikunjua vidole kimoja kimoja, ananiambia polepole, kwa sauti ile anayosema nayo na watoto wa chekechea, "Basi, wifi. Umemaliza. Basi."

Wamemfanyia upasuaji saa nyingi. Walichukua kipande cha mshipa mguuni wakakiunganisha mkononi. Yuko hai. Mkono bado hawajui. Daktari anasema tutazame vidole: vikiwa baridi na vyeupe, mkono utakatwa. Vikiwa na joto, tutashukuru.

Vidole ni baridi.

Aprili 12, Ijumaa

Baridi. Vyeupe kuelekea kijivu.

Nimemkamata daktari ukumbini. Nikamwambia nimeishi na kitu kile wiki tatu, nataka kujua kilikuwa nini. Alikuwa na haraka, lakini akaegemea ukuta. Naandika alivyosema. Nisipoelewa leo labda nitaelewa kesho.

Alisema mshipa mzima damu hupita ikisugua kuta zake, na wakati huo huo inazisukuma kwa nje, na kuta zinavumilia. Mshipa ukitobolewa, nguvu zote hizo hubadilika hapo hapo. Iliyokuwa inakwenda moja kwa moja inageuka, inakimbilia tunduni, inavutika. Ndani ya damu kuna nyuzi ndogo zisizoonekana, zimejikunja kama madonge ya uzi. Damu ikienda taratibu zimelala. Ikianza kukimbia vile na kuvutika, zinanyooka, na zikinyooka ndipo zinanata. Zinakamata vile vichembe vya kugandisha, vinarundikana, tundu linazibika. Yaani ile mbio ya kutoka ndiyo inayoamsha kinachoizuia.

"Basi mbio ni nzuri," nikasema.

"Inategemea."

Siku ya kwanza, akasema, kamba ilisaidia, tundu likazibika juu juu, ngozi ikafunga. Lakini chini moyo haukuacha kugonga mlango. Tundu ni la mshipa mkubwa, na kila pigo linang'oa kilichoanza kushika. Damu ikatoka ikajichimbia chumba ndani ya nyama, inaingia na kurudi, inaingia na kurudi, inazunguka mlangoni. Kuzunguka huko ndiko kuvuma. Na chumba kilikua mpaka kikabana mshipa wa fahamu, ndiyo ganzi ya vidole.

"Kwa hiyo mbio ni mbaya."

"Inategemea, mama. Kiasi chake ndicho kinachoamua."

Nikamwuliza kwa nini nilipobonyeza na mataulo ilizidi. Akasema nilibonyeza nusu. Ukibana nusu, umeipunguzia njia hujaipunguzia msukumo, kwa hiyo inapita kwa ukali. Ama ubane kabisa, ama uache.

Kisha akaniuliza, "Kabla ya hapo mliukanda?"

"Niliukanda."

"Maji ya moto?"

"Asubuhi na jioni."

"Sawa," akasema. Tu. Akaenda zake. Ningependa anitukane.

Aprili 13, Jumamosi

Baridi. Wifi na mimi tunapokezana kuvigusa.

Aprili 14, Jumapili

Kidole gumba kina uvuguvugu. Au ni mkono wangu ulio na joto. Nimemwita wifi naye aguse. Amegusa kwa shavu. Amesema hajui. Tumekaa tumetazama kidole gumba kimoja watu wazima wawili, kama tunasubiri kiseme.

Aprili 15, Jumatatu

Gumba, cha shahada na cha kati vina joto. Havina utata. Muuguzi naye amesema hivyo. Hawakati mkono! Nimelia kwenye shati la Bwana Mhuri, ambaye huja kila siku baada ya mihuri yake, anasimama mlangoni na kofia mkononi, haingii.

Aprili 16, Jumanne

Nilirudi bucha kuosha. Vigae nimevisugua mwenyewe, sikutaka mtu mwingine. Nilipokuwa nashika mpira wa maji nikaziba mdomo wake nusu kwa gumba. Maji yakaruka mpaka dari. Nikaziba kabisa, yakanyamaza, mpira ukavimba ukasukuma kidole changu. Nikaziba nusu tena. Nimefanya hivyo mara nyingi mpaka nimeloa. Nimefua, nimeosha sakafu kwa mpira kama huu maisha yangu yote, nilikuwa nawamwagia watoto wenzangu maji namna hii hii. Sasa nilikuwa sijui nini?

Halafu nikafungua jokofu, nikaona bega la ng'ombe bado limening'inia, mshipa mweupe, mkavu, na nikaelewa kitu kimoja tu katika msimu huu wote. Mishipa yote aliyoijua Kinoo ilikuwa imekwisha kazi. Hakuna aliyempa bega ambalo bado linapitisha kitu.

Aprili 21, Jumapili

Amerudi nyumbani. Amekonda. Hataki kutazama mkono.

Aprili 28, Jumapili

Leo nimemwambia wifi. Nilikuwa nimepanga maneno, yakaja mengine. Nilisema, "Nilikisikia kinavuma. Ile Jumapili. Nikasema ni jokofu."

Alikuwa anakunja nguo. Hakuacha kukunja. "Nilijua," akasema. "Ulitoka pale umekunja mkono kwapani."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema ungekanda mara tatu kwa siku."

Ni kweli. Nikacheka, kisha nikaona aibu, kisha nikacheka tena kwa sababu naye alikuwa anacheka. Nikamwuliza nani alimfundisha kubonyeza vile. Akasema hakuna, aliona tu mataulo hayafai kitu na gumba langu lilikuwa karibu. "Nilikuwa sijui nafanya nini, wifi. Nilikuwa naogopa kuliko wewe."

Nimekaa nalo neno hilo. Mwezi mzima nilimwona ni mjuaji. Kumbe katika nyumba hii yeye peke yake ndiye aliyekuwa akisema hajui, na sisi tuliokuwa tunajua ndio tuliochukua kisu.

Mei 3

Mvua zimepungua. Fundi ameleta salamu, atapanda bati wiki ijayo.

Mei 9, Alhamisi

Bucha limefunguliwa. Wifi shule, kwa hiyo nakata mimi, vibaya. Kinoo anakaa kwenye stuli anaelekeza kwa kidevu. Wateja wanauliza habari za mkono, anasema unaendelea. Daktari amemwambia fahamu za vile vidole viwili huenda zikarudi, huenda zisirudi, na mpaka leo zingekuwa zimeanza kuonyesha dalili. Anasema zimeanza. Anasema jana alihisi kitu. Hatujamwuliza ni kitu gani.

Mei 17, Ijumaa

Jua tangu asubuhi. Paa langu limekwisha, nahama kesho.

Jioni tukakaa uani sisi watatu. Kinoo akaweka mkono wa kushoto mezani, kiganja juu. Hakuna aliyemwambia auweke. Akasema mtu asiyehisi mkono unaoshika nyama hawezi kushika kisu kwa mwingine, atajikata tena, kwa hiyo anataka kujua leo, siyo kesho. Akageuza uso upande wa ukuta.

"Dada, bana kidole cha mwisho. Bana kweli. Usinionee huruma."

Nikamtazama wifi. Wifi akatazama meza, akaniachia.

Nikakishika. Kilikuwa na joto, kidole kizima, kizuri, kucha imekatwa vizuri. Nikabana kwa ncha za vidole. Nikabana kwa kucha. Nikahamia cha pete nikabana nacho mpaka ngozi ikawa nyeupe. Yeye alikuwa anautazama ukuta kwa utulivu wa mtu anayesubiri.

"Umeanza?" akauliza.

Neno la kwanza lililonijia lilikuwa bado. Lilikuwa limeshafika mdomoni. Mara ngapi msimu huu nilimpa jibu alilotaka?

"Nimeanza zamani, Kinoo," nikasema. "Vyote viwili. Ninabana hata sasa."

Hakugeuka. Wifi akaweka kiganja mgongoni kwake. Sikujua niendelee kushika au niachie, nikabaki hivyo hivyo nimeshika kidole kisichojua kama kimeshikwa.

Kisha vile vitatu vingine vikajikunja, polepole, gumba na cha shahada na cha kati, vikaukamata mkono wangu, vikanibana mpaka nikamwambia inauma.